Mwaka wa Kamera ya Fundi Eliya

Mama Shani alizikwa Kilosa mwezi uliopita, baada ya swala ya adhuhuri, na alasiri ile sisi wanawake tulikaa kwenye majamvi ndani ya nyumba yake, tukala wali na maharage huku tukimkumbuka. Kila mmoja alikuwa na habari yake. Mmoja alisema jinsi marehemu alivyompiga picha ya kwanza maishani akiwa amebebwa mgongoni, mwingine jinsi alivyokuwa akiwafokea maharusi wasiotabasamu. Kisha jirani yake wa ukuta mmoja akasimulia ile ya kamera, na ya safari ya kwenda Kidodi kumwomba radhi fundi mbele ya watu. Wanawake wakaguna kwa heshima. "Ni wangapi wangefanya hivyo?" mmoja akauliza. Mimi nilikuwa nimeinamia sahani yangu. Habari ile ni ya kweli, na aliyeieneza ni Mama Shani mwenyewe. Aliisimulia kwa miaka mingi, bila kujionea haya, na kila alipoisimulia alinitoa kabisa, kana kwamba mwaka ule sikuwepo. Alifanya hivyo kwa kunihurumia. Lakini nilikuwepo, na sasa kwa kuwa hayupo wa kunisitiri, naona ni juu yangu kuisema kama ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mavuno yangu ya mpunga yalikuwa mazuri msimu uliotangulia, na badala ya kujenga kama nilivyoshauriwa na kila mtu, nilikwenda kwa Mama Shani nikamwambia nataka kuingia naye ubia. Alikuwa amekaribia miaka sitini wakati huo, mjane, mpigapicha aliyejulikana kuanzia Msowero mpaka Mikumi. Nilikuwa nimemsaidia kwenye harusi mbili tatu na alijua kwamba mkono wangu hautetemeki. Akanitazama, akasema, "Damari, ubia ni kama ndoa. Ukinichoka hutaondoka na chochote, hata mlango." Nikacheka, akacheka, na wiki iliyofuata nikahamia chumba cha uani.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya matofali ya kuchoma, si mbali na stesheni ya reli. Ukutani palining'inia kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji na ngazi nyeupe isiyokwenda popote, na mbele yake kiti chenye mito ya bluu ambacho watu wa rika langu wote mjini wamewahi kukalia. Nyuma ya kitambaa kulikuwa na mlango wa kwenda uani, kwa hiyo mteja akikaa kupiga picha ya pasipoti alisikia mafuta yakichemka na harufu ya kitunguu ikimfikia. Mama Shani alipika mwenyewe, na alipenda kupepeta na kuchambua mchele asubuhi akiwa amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, huku akizungumza na wapita njia. Nakumbuka kwamba mwaka ule wali wetu ulianza kuwa na mawe. Binti yake, Shani, alipokuja kututembelea kutoka Morogoro, alitafuna jiwe akashika shavu na kusema, "Mama, mchele wa siku hizi unauzwa na kokoto zake." Mama Shani akamjibu kwamba wakulima wamekuwa wavivu. Mimi mkulima nikaendelea kula.

Jambo la kwanza la ubia wetu lilikuwa kamera. Ile yake ya filamu ilikuwa nzima, lakini kule Morogoro alikopeleka mikanda kusafishwa walikuwa wameacha kazi hiyo, na kamera ndogo ya dijitali aliyonunua kujaribia ilikuwa imeanza kugoma kufungua lenzi mpaka ipigwe kofi. Kwa wiki nzima tulizungumza habari ya kamera asubuhi, mchana na wakati wa kuosha vyombo. Njia zilikuwa tatu. Tungeweza kununua mpya kutoka duka la Dar es Salaam, ikiwa kwenye boksi lake na karatasi ya dhamana. Ingemeza karibu kila kitu tulichonacho, na tungebaki na kamera moja, lenzi moja, na hatuna printa wala kompyuta, maana yake kila picha ingesubiri gari la Morogoro. Tungeweza kununua iliyotumika kutoka kwa kijana mmoja wa Mikumi aliyekuwa akitembeza watalii hifadhini, ambaye mgeni alimwachia kamera kama zawadi. Na ya tatu ilikuwa kununua iliyokarabatiwa, kwa Fundi Eliya, huko huko Mikumi.

Tulikwenda wote wawili kuona. Kijana wa watalii alitukuta kwenye mgahawa wa barabarani, malori ya Zambia yakipita na kutikisa meza, akaitoa kamera kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa nzuri kwa macho. Nikamuuliza imeshapiga picha ngapi. "Haina shida, dada." Nikamuuliza chaja yake iko wapi. "Chaja zipo tu madukani, haina shida." Nikamuuliza kwa nini anaiuza. Akatazama saa. Mama Shani, aliyekuwa akila mguu wa kuku kwa utulivu, akaniambia kwa sauti ambayo kijana naye aliisikia, "Huyu hata hajui alichoshika. Tusimlaumu, lakini tusinunue."

Fundi Eliya alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya magari. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kuongea polepole kama mtu anayesoma. Meza yake ilifunikwa kitambaa cheupe, na juu yake skrubu ndogo kama mbegu za mchicha zilipangwa kwenye vifuniko vya soda, kila kifuniko na kamera yake. Alimwamkia Mama Shani shikamoo, akatupa stuli, akaleta kamera na kuiweka mbele yetu.

"Hii si mpya," alisema, "na mtu akiwaambia nimewauzia mpya, mniite nije nikatae. Ilikuwa ya mtafiti mmoja, ikaanguka, pazia la ndani, lile linalopitisha mwanga, likakwama. Pazia nimeweka jingine, hilo ndilo jipya. Mpira wa kushikia nao ni mpya. Kioo cha nyuma kina mkwaruzo, mnauona? Sijakibadilisha kwa sababu hakizuii kazi. Mahali pa kuwekea kadi ni pale pale pa zamani. Siku ikisumbua, itaanzia hapo."

Mama Shani aliigeuzageuza. "Kitu kilichokwisha kufumuliwa na mtu nitakiaminije?"

"Usikiamini, mama. Kitumie. Ikikataa ndani ya miezi sita irudishe, wala usinipe maelezo marefu. Nitaipima, nikikuta kosa ni langu nakutengenezea au nakurudishia chako."

Aliyaandika yote hayo kwenye karatasi ya daftari, kuanzia pazia mpaka mkwaruzo, akatia sahihi. Kisha akatuonyesha swichi ndogo ubavuni mwa lenzi. Upande mmoja kamera ilitafuta yenyewe mahali pa kukaza picha, upande wa pili mpigaji alizungusha lenzi kwa mkono. Mama Shani akacheka. "Mimi nimezungusha kwa mkono tangu sijazaa. Leo mashine inichagulie uso wa bibi harusi?" Fundi naye akacheka, akairudisha swichi upande wa mkono kama alivyotaka.

Tulibishana njia nzima mpaka Ulaya, kile kijiji ambacho jina lake huwafanya abiria wageni wachekelee kila mara. Yeye alitaka mpya. "Kitu kipya hakina kesi," alisema. Mimi nilitaka ya fundi, kwa sababu ingetuachia nafasi ya kupata printa na kompyuta kuukuu, na kwa sababu yule mtu alinivutia. "Mama, ile mpya tutajua udhaifu wake siku itakapoharibika," nilimwambia. "Hii tumeshaambiwa." Aligeuka akatazama nje. Mwishowe akasema, "Haya. Lakini kumbuka, umeichagua wewe."

Nimeyafikiria sana maneno hayo katika umri huu. Hakuyasema kwa ubaya. Lakini yaliniingia, na kuanzia siku ile nilihisi kwamba kamera ikifanya vizuri ni yetu, ikifanya vibaya ni yangu.

Wiki iliyofuata tulirudi tukainunua, na mwanzoni ilifanya vizuri. Tuligawana kazi: mimi picha za pasipoti na za shule pale studio, yeye sherehe, kwa sababu watu walimtaka yeye. Picha za kipaimara alizopiga huko milimani zilirudi zimelegea kidogo, tukasema ni ukungu wa asubuhi. Za ubatizo mmoja nazo zikalegea, tukasema ni giza la kanisa. Kisha ikaja harusi ya Msowero. Ilikuwa sherehe kubwa, familia mbili zilizoheshimiana, hali ya hewa safi, jua la saa kumi. Tulipoziingiza kwenye kompyuta nilikaa nikazipitia moja baada ya nyingine nikisubiri itokee moja iliyokaza. Nyuso zote zilikuwa kama zimetazamwa nyuma ya mvuke wa chungu. Maua ya ukutani nyuma ya maharusi yalionekana mpaka mishipa ya majani, lakini bibi harusi mwenyewe hakuwa na macho.

Baba wa bibi harusi alikuja kuzichukua. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotuumiza. Alizitazama tatu, akaziweka mezani, akasema, "Mama yangu ametoka Kondoa kwa ajili ya siku hiyo moja. Hatakuja tena, na yeye anajua, na sisi tunajua. Sasa nimpelekee hizi?" Tukamwambia tutamrudishia fedha yake. Alikataa kurudishiwa chochote, akaondoka. Mama Shani alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya maporomoko yale ya kuchorwa, mikono mapajani. Baadaye akasema maneno mawili tu. "Fundi wako."

Asubuhi iliyofuata alipanda gari la kwanza kwenda Mikumi, na mimi nikamfuata. Fundi Eliya alikuwa na wateja wawili, mmoja wao meneja wa hoteli iliyokuwa ikimpa kamera na redio zake zote kutengeneza. Mama Shani hakuketi. Alisimama mlangoni, akamwaga picha zile kwenye kitambaa cheupe, juu ya skrubu.

"Hii ndiyo kazi yako?"

Fundi aliokota picha moja, akaitazama, akaisogeza karibu na dirisha. "Mama, niachie kamera niipime. Nipe siku moja."

"Nikuachie uibadilishe tena? Umeniuzia mzoga uliopakwa rangi, mtu mzima mwenzio. Nimepiga picha miaka zaidi ya thelathini, sijawahi kuaibika hivi."

"Naomba tu niishike, mama."

"Huishiki!" Akawageukia wale wateja. "Na nyinyi mnaomletea vitu vyenu, mjue mnamletea nani."

Fundi alinitazama mimi, mbia aliyekuwa kimya nyuma ya mgongo wa mkubwa wake, akitegemea labda ningesema jambo. Nikaangalia chini, kwenye vile vifuniko vya soda vilivyopinduka. Niliamini wakati ule kwamba Mama Shani alikuwa na haki. Niliona haya kwa ajili yangu, kwa kuchagua vibaya. Kuanzia siku hiyo Mama Shani aliieneza habari ile kila alipokwenda, kwa wapigapicha wenzake, kwa makarani wa shule, kwa wauza soda. Watu walimwamini, kwa sababu hakuwa na sifa ya kusema uongo, na kweli hakuwa anasema uongo kwa jinsi alivyojua.

Wiki mbili baadaye alikwenda Msowero kwenye msiba, akalala huko. Nilibaki peke yangu na kamera. Sikujua natafuta nini. Nadhani nilitaka tu kuielewa ile aibu. Niliiweka juu ya meza, nikaiegemeza kwa vitabu, nikaielekeza kwenye kalenda ya ukutani. Nikapiga picha moja, swichi ikiwa upande wa kamera kujitafutia. Nikapiga tena upande wa mkono, nikizungusha mwenyewe taratibu mpaka tarakimu zikae. Kisha nikazifungua kwenye kompyuta. Zote mbili zilikuwa kali kama zimekatwa kwa wembe. Hata vinyesi vya nzi kwenye kona ya kalenda vilihesabika. Nikarudia mara tano, kumi. Kamera haikuwa na kosa lolote.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Mawe ya kwenye wali yalinijia kwanza. Kisha jinsi alivyokuwa akimimina chai huku kidole chake kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe. Jinsi watu walivyoanza kulalamika kwamba Mama Shani siku hizi hupita bila kusalimia. Jinsi alivyokuwa akinipa sindano nimtungie uzi na kusema kwamba vijana wana vidole vyembamba. Nilielewa yote kwa mara moja, nikiwa bado nimekaa na kikombe mkononi.

Na sasa nafika mahali ambapo Mama Shani alikuwa akinitoa. Aliporudi kutoka Msowero sikumwambia. Nilijiambia kwamba mtu hamwambii mkubwa wake kuwa haoni, hasa mkubwa ambaye macho ndiyo jembe lake. Nilijiambia nitasubiri siku nzuri. Hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini nilifanya jambo jingine pia, na hilo silipatii maelezo mazuri hata leo. Kila mara kabla ya kazi nilisema naifuta vumbi, nikaigeuza ile swichi upande wa kamera, na nikauzima ule mlio wake mdogo wa kukaza picha ili asiusikie. Yeye aliendelea kuzungusha lenzi kwa mkono kama alivyozoea, na alipobonyeza, kamera ilipuuza alichofanya ikajitafutia yenyewe. Picha zikawa nzuri. Wateja wakarudi. Mama Shani akafurahi, akawa anasema, "Unaona? Nilivyomtolea uvivu yule fundi, hata kamera imeogopa." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Na fundi akabaki tapeli.

Hali hiyo ilidumu wiki saba. Kwa nje yalikuwa maisha matulivu kabisa. Tulikula, tulifanya kazi, mvua ilinyesha na kuacha. Nadhani ningeendelea hivyo mwaka mzima kama tusingekwenda Kilangali kupiga picha za mahafali ya shule ya msingi. Wakati wa chakula nilikaa kwenye benchi na sahani ya pilau, na nyuma yangu wanaume wawili, mmoja mwalimu na mwingine muuza redio, walikuwa wakizungumza.

"Redio yangu nimpelekee nani sasa?" mwalimu aliuliza. "Eliya amefunga."

"Amefunga lini?"

"Ana mwezi. Hoteli walimwondolea vitu vyao, na wengine wakafuata. Yuko Kidodi kwa shemeji yake, anaandika namba za malori ya miwa."

"Yule mtu hakuwa na wizi mimi ninavyomjua."

"Sasa nani ajuaye. Mama Shani hawezi kumsingizia mtu."

Niliiweka ile sahani chini ya benchi. Ng'ambo ya uwanja Mama Shani alikuwa akiwapanga watoto kwa kimo, akiwagusa mabega mmoja mmoja, na nilipomtazama niliona kwamba alikuwa akiwahesabu kwa mikono.

Nilimwambia kesho yake asubuhi, akiwa kwenye mkeka na ungo wake. Nilikaa chini karibu yake, nikachukua kiganja cha mchele aliomaliza kuuchambua, nikautandaza kwenye kitambaa cheupe, nikatoa mawe matatu nikayaweka mkononi mwake. Aliyabinya kwa vidole.

"Mama," nikasema, "kamera ni nzima."

Nilisikia mpita njia akimsalimia na yeye akamwitikia vizuri, marahaba mwanangu, kama kawaida. Kisha akasema, "Jicho la kulia ndilo lililoanza. Nilidhani nikinyamaza litapita." Halafu akauliza, "Yule fundi yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Kidodi. Akafunika uso kwa khanga. Hakuniuliza nimejua lini, na mimi sikumwambia. Alidhani nimejua asubuhi ile.

Shani alikuja kumchukua, akampeleka hospitali Morogoro, wakamtoa mtoto wa jicho, kwanza la kulia, na baada ya majuma kadhaa la kushoto. Aliporudi alitembea nyumba nzima akitazama vitu. Alisema kitambaa cha maporomoko kimechakaa mno na kwamba nimekonda. Hakukaa hata siku tatu. "Twende Kidodi," akasema, "na uje na kamera."

Tulimkuta Fundi Eliya kwenye uwanja wa kupakia miwa, amekaa chini ya turubai na daftari kubwa, amevaa kofia ya majani. Malori mawili yalikuwa yanapakiwa, na wapakiaji labda kumi na tano walikuwa kivulini. Alisimama alipotuona. Mama Shani hakumwita pembeni. Alisema kwa sauti ile ile aliyoitumia Mikumi, ya kuwafikia watu wa nyuma ya sherehe. "Mimi ndiye niliyemtangaza huyu kwamba ameniuzia kamera mbovu. Kamera haikuwa mbovu. Mbovu yalikuwa macho yangu, na yametengenezwa, na kitu cha kwanza nilichotaka kuyaonyesha ni huyu bwana. Fundi, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Fundi alivua kofia. "Mama, macho si kosa la mtu," alisema. "Yamekwisha." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na mkewe akaja kumpokea, akampeleka nyumbani kwa shemeji, pembeni mwa uwanja, anywe maji.

Tukabaki wawili, mimi na fundi. Akaniomba kamera. Niliiona furaha yake alipoishika. Aliipuliza vumbi, akaiwasha, akaanza kupitia picha kwenye kile kioo chenye mkwaruzo. Hatukuwa tumefuta kitu. Alipita harusi ya Msowero, taratibu. Kisha akasita.

"Hizi za kalenda amepiga nani?"

"Mimi."

Akaendelea mbele, picha baada ya picha, zote zimekaza. Akarudi nyuma kwenye kalenda, akasoma tarehe iliyo pembeni. Akaangalia swichi ya lenzi. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuambiwa.

"Mimi nilifunga chumba wiki ya tatu baada ya hapa," alisema, bado akitazama kioo. "Mama yule alikuwa haoni, binti. Wewe ulikuwa unaona."

Nilisema naomba radhi. Maneno yalitoka madogo sana. Hakukasirika, wala hakusema yamekwisha kama alivyomwambia Mama Shani. Alinirudishia kamera. "Mliowaambia ni wengi," alisema. "Anza nao." Kisha akarudi kwenye daftari lake, kwa sababu lori lilikuwa limejaa.

Nilianza Msowero, kwa baba wa bibi harusi, na pale nilisema nusu tu, kwamba kamera ilikuwa nzima na fundi hakuwa na hatia. Alinishukuru, nikatoka najihisi mchafu kuliko nilivyoingia. Kilangali nilimtafuta yule mwalimu, nikasema yote, pamoja na swichi na zile wiki saba. Alinisikiliza akiwa ameshika chaki, kisha akarudi darasani. Habari ikamfikia Mama Shani kabla sijarudi nyumbani, kama inavyopaswa kuwa, maana nilikuwa nimeshindwa kumwambia mwenyewe. Alikaa siku nne bila kusema nami isipokuwa ya kazi. Siku ya tano, tukiwa tunakula, akaweka kijiko. "Uliniacha niendelee kumtukana mtu."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia ningekufukuza."

"Najua."

"Ningekufukuza, halafu ningekuita." Akasukuma bakuli la mchuzi upande wangu. Hatukulizungumza tena, na tulifanya kazi pamoja miaka mingine kumi na moja.

Wa mwisho alikuwa meneja wa hoteli, Mikumi. Nilimwogopa kuliko wote. Nilisimama mbele ya meza yake ya mapokezi nikasema yote, na yeye akaniuliza, "Na wewe siku ile si ulikuwepo pale mlangoni?" Nikasema nilikuwepo. Alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka, akaingia ndani, akatoka na kamera ya hoteli iliyokuwa imelala kabatini tangu wakati ule, lenzi imekwama nusu. "Mpelekee," akasema. "Mwambie na zile redio zipo."

Nilikwenda nayo Kidodi mchana ule ule. Uwanja wa miwa ulikuwa mtupu, msimu unaishia, na Fundi Eliya alikuwa amekaa kibarazani kwa shemeji yake. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaiweka kamera mbele yake, nikampa salamu za meneja, nikageuka kuondoka kwa sababu sikuwa na haki ya kukaa. Aliigeuza, akaitikisa sikioni, akaingia ndani na kutoka na kifurushi cha kitambaa cheupe, akakifungua juu ya mkeka na kuanza kutoa bisibisi moja moja. Skrubu ya kwanza ilikuwa ndogo mno, akaitoa, akatafuta mahali pa kuiweka, hakupaona.

"Kinga mkono," akaniambia.

Nikakaa chini, nikakinga kiganja, akaniwekea.